Blanketi la Viraka Lililochomwa Mwaloni

Kwa majuma mawili sasa silali vizuri kwa ajili ya maji yaliyomwagwa nikiwa na miaka minane. Najua inavyosikika. Lakini wewe unanifahamu. Mimi ndiye niliyewahi kukesha nikijiuliza kama yule dada wa mapokezi aliyechukua barua yangu ya kuomba kazi alitabasamu kwa kunihurumia au kwa kunicheka. Safari hii, hata hivyo, nadhani nina haki. Swali langu ni hili: yule fundi aliyenifundisha kushona blanketi langu la kwanza kwa cherehani, ambaye siku zote nimemtaja kama mtu aliyenipenda bila kutaka kitu, alikuwa akituibia?

Ilianzia mwaloni. Tangu nimalize chuo nimepata kazi moja tu ya kueleweka, ya wiki tatu, ya kuwahoji wachimbaji wadogo huku Geita na kujaza majibu yao kwenye simu. Mwalo, kwa wewe uliyekulia mbali, kwetu ni mahali panapooshewa udongo wa dhahabu. Mawe husagwa mpaka yawe unga, unga huchanganywa na maji, na maji hayo humwagwa juu ya ubao mrefu ulioinama, uliotandikwa vipande vya blanketi. Udongo hupita. Dhahabu ni nzito, hivyo hunasa kwenye manyoya ya blanketi. Kisha blanketi hukung'utwa ndani ya pipa, na kile kinachozama chini ndicho watu wanachokifuata huku wakiacha wake zao na ng'ombe wao.

Hayo nilikuwa nayajua tangu utoto. Nisilolijua ni alilonijibu muoshaji mmoja mtu mzima, nilipomuuliza blanketi likichakaa analifanyia nini.

"Tunalichoma, dada. Majivu tunayaosha."

"Hata kama mlishalikung'uta vizuri?"

"Ulikung'ute utakavyo, halikosi kitu. Punje itabaki imejificha humo. Likichomwa likakosa kabisa, ujue kuna mtu alilitangulia."

Nikajaza jibu lake, nikamshukuru, nikaenda kukaa juu ya jiwe kama mtu aliyepigwa na jua. Blanketi langu mimi lilichomwa mbele ya watu. Majivu yake yakaoshwa. Likakosa kabisa.

Wiki iliyofuata, kana kwamba kuna mtu alikuwa ananisikiliza nikiwaza, mtoto wa dada yangu alirudi kutoka dukani na ujumbe.

"Mamdogo, yule bibi fundi wa kule mteremkoni kaniita. Anasema tukifunga shule niende anifundishe kushona blanketi la viraka. Anasema hata wewe alikufundisha."

Dada alifurahi. Mimi nikamkalisha mtoto chini. Alikuita kwa jina? Nani alimwambia jina lako? Alisema uende na nini? Alikuuliza nyumbani kwenu nani anafanya kazi wapi?

"Aliniuliza kama naona vizuri," mtoto akasema.

"Aliuliza hivyo kwa nini?"

Dada aliacha kuchambua mchele akanitazama. "Wewe umesoma mpaka umeharibika."

Huenda. Lakini dada wakati ule alikuwa Kishapu kwa bibi, hakuyaona ninayotaka kukusimulia. Niliyeyaona ni mimi, na niliyaona kwa macho ya mtoto, ambayo huona vitu vyote na hayajui kuvipanga.

Tulikuwa tumehamia Geita kutoka Kishapu baada ya pamba kumchosha baba. Alikuja yeye kwanza, akashirikiana na wanaume wawili kukodi ubao mwaloni, halafu akatuita mama na mimi. Tulipanga chumba na sebule kwenye mteremko, juu kidogo ya mashine za kusagia mawe. Zile mashine zilianza kunguruma kabla ya jogoo na ziliponyamaza jioni masikio yalibaki yakivuma peke yake. Vumbi lilikuwa la kijivu, laini kama unga wa muhogo, na liliingia mpaka kwenye chungu. Mama alifunika kila kitu. Dagaa wa ziwani kutoka Nkome aliwakaanga akiwa amefunga mlango, na harufu yake ilikaa kwenye nywele zetu mpaka Jumapili, kanisani tukanuka sote, familia nzima. Bibi alipokuja kututembelea alileta mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, magumu kama kokoto, ukiyatafuna asubuhi shule nzima inajua. Bibi hakupapenda kwetu. Alikuwa akikaa mlangoni akiwaangalia wapita njia na kusema, "Ng'wanone, mwanangu, mahali ambapo kila mtu anaangalia chini akitembea, usimwamini hata anayekusalimia."

Fundi alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikuwa mwanamke wa Ushirombo, hakuwa na mume wala mtoto, na alishona sare za shule na za wanakwaya. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, nyeusi, imechubuka pale mkono unapopita, na aliiweka barazani ili apate mwanga. Mimi nilianza kwenda kusimama pale kwa sababu ya mlio. Mashine za mawe zilisaga tu, hazikuwa na mwisho wala mwanzo. Cherehani ilikuwa na sentensi. Ilikimbia, ikapunguza, ikasimama, ikageuka. Nilisimama mlangoni nikihesabu mishono kwa sauti mpaka nikachanganyikiwa na kuanza upya, naye hakunifukuza.

Siku moja aliniambia, "Wewe unayehesabu, njoo ukae hapa."

Miguu yangu haikufika. Alichukua vibao viwili akavifunga juu ya pedali kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na hapo nikafika. Hakunipa kitambaa. Alinipa karatasi ya mfuko wa saruji, sindano ikiwa haina uzi, akachora mistari kwa chaki, nikawa naifuata, nikitoboa matundu. Siku ya kwanza matundu yangu yalikwenda kama mlevi anayetafuta kwake. Akaikunja ile karatasi na kunipa nyingine. Nilitoboa karatasi kwa wiki nzima. Bibi akaniuliza nimeshona nini, nikamwonyesha, akasema mwanamke yule amepata mtoto wa kumtobolea karatasi bure.

Kisha tukaanza blanketi lenyewe. Fundi alikuwa na gunia la mabaki: bluu ya sare za shule, njano ya kwaya, kijani ya kwaya nyingine iliyogombana na ile ya kwanza, vipande vya vitenge, hata kipande cha suti ya bwana harusi mmoja ambaye, alivyosema fundi, tumbo lake lilikua kati ya kupimwa na kuvaa. Nilikata miraba kwa kufuata boksi la chumvi lililofunguliwa. Alinifundisha kuunganisha miwili miwili, halafu mistari, halafu mstari kwa mstari. Alinifundisha kona: acha sindano ndani ya kitambaa, nyanyua ule mguu wa kubania, geuza, shusha, endelea. "Ukitoa sindano kabla ya kugeuza," alisema, "umepotea na hujui umepotelea wapi." Hakuwa na maneno mengi. Nilipokosea alisema "mh," nilipopatia alisema "mh" pia, na mimi nilijifunza kutofautisha.

Sehemu ya juu ilipokamilika, akaniuliza kitu ambacho sasa nakigeuzageuza kama sarafu ninayoishuku.

"Ndani tutaweka nini? Blanketi la viraka likiwa jepesi halifai. Baba yako si anafanya kazi mwaloni? Mwambie akupe yale mablanketi yaliyochakaa. Matatu yanatosha."

Nikamwambia baba. Baba alikuwa mtu wa kucheka, wakati ule. Alisema fundi wangu ana akili, na kesho yake akaja na mablanketi matatu ya kijivu yenye mstari mwekundu, yamekakamaa kwa matope, ameyafunga kwa kamba. Nikayabeba kichwani mpaka kwa fundi nikijiona mtu mzima.

Fundi aliyafua. Hapa ndipo mawazo yangu yanapokaa usiku. Aliyafua ndani ya beseni la bluu, uani kwake, mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Hakutumia sabuni. Aliyakandamiza taratibu, akayanyanyua yakichuruzika palepale juu ya beseni, asidondoshe nje. Yale maji machafu hakuyamwaga. Aliyachukua kwa kikombe, akiyapunguza juu kwa juu, na kilichobaki chini alikiingiza ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nakula embe bichi na chumvi. Nikafikiri: huyu mama ni msafi kweli. Nikamwambia mama hivyo jioni. Mama akasema na mimi nijifunze.

Blanketi lilikamilika kabla ya mvua. Upande wa chini tuliweka khanga mbili za zamani, na pande tatu za ukingo alishona fundi kwa sababu unene uliishinda miguu yangu. Upande wa nne alisema nishone mwenyewe. Nikashona, nikipumzika kila baada ya shubiri, na nilipofika mwisho nikalala juu ya cherehani nikacheka. Sijawahi tena kumaliza kitu na kujisikia vile. Shahada sikuimaliza vile. Siku ya mahafali nilikuwa na wasiwasi kama joho ni la kwangu.

Nililala chini ya blanketi hilo siku chache tu. Mama alilianika kwenye kamba Jumamosi moja, na mmoja wa washirika wa baba akapita kumsalimia. Upande wa nne, ule wangu, ulikuwa umefumuka kwenye pembe, kama urefu wa kidole. Pale palipofumuka palichungulia kitu cha kijivu chenye mstari mwekundu.

Yule bwana alilishika. Akalifungua kidogo zaidi kwa kidole. "Mama Kabula," akamwambia mama, "hili ni la wapi?"

Mwaloni kulikuwa na desturi ambayo baba aliijua kuliko wote, na aliisahau kwa ajili yangu. Blanketi la ubao likichakaa si takataka. Huwekwa mpaka yafike kadhaa, kisha huchomwa mbele ya wote wenye ubao, na majivu huoshwa wakiwa wamesimama, kila mmoja akiona. Mtu halichukui peke yake hata kulifanya dekio. Baba alikuwa amechukua matatu, hakuwaambia wenzake, na sasa yalikuwa yameshonwa ndani ya viraka, yamefichwa. Fikiria lilivyoonekana. Mimi nimelifikiria, na hata mimi ningemshuku.

Walikuja wote wawili jioni ile ile. Hawakupiga kelele. Walikunywa chai ya mama.

"Baba Kabula, sisi hatusemi kitu."

"Semeni tu."

"Tunasema mtoto wako analala tajiri kuliko sisi."

Walicheka, na baba akacheka nao, lakini mama aliacha kumimina.

"Ni blanketi la mtoto," baba akasema. "Kashona mwenyewe. Hana hata miaka tisa."

"Tumeona. Mkono mzuri. Ndiyo maana tunasema likachomwe, roho zetu zitulie, halafu tumnunulie jipya la dukani."

Kesho yake tulishuka mwaloni. Mama alinishika mkono, akataka kunirudisha, nikakataa. Kiberiti aliwasha baba mwenyewe. Viraka havikuungua pamoja. Njano ya kwaya ilikwenda haraka, ilikuwa nailoni, ikanuka. Bluu za sare zilichelewa, zikawa nyeusi taratibu kutoka pembeni, moja moja, na niliweza kuona mishono yangu ikibaki kwa muda mfupi baada ya kitambaa kuisha, mistari myembamba ya majivu. Waliyakusanya majivu kwenye karai, wakamimina maji, mmoja akaanza kuzungusha. Watu walikuwa wameacha mbao zao wakaja kuangalia. Alizungusha mpaka maji yakawa meupe.

"Baba Kabula."

"Naam."

"Hata punje?"

"Naona. Hata punje."

"Ndiyo nauliza. Hata punje?"

Mimi nilifikiri tumeshinda. Nilimvuta mama khanga nikamwambia, unaona, hakuna kitu, baba hakuiba. Mama hakuondoa macho karaini. Nilidhani tu hakunisikia kwa sababu ya mashine. Nimechukua miaka yote hii, na jibu la muoshaji mmoja, kuelewa kwamba pale karaini baba ndipo alipohukumiwa. Wangeona punje mbili wangegawana, wakamsamehe. Hawakuona kitu, na blanketi la mwaloni halikosi kitu. Mtu aliyatangulia, na aliyeyachukua ni baba.

Hawakumshtaki popote. Waliacha tu kumwachia pipa. Akienda haja mmoja alibaki amesimama pale, akichelewa walikuwa wameshakung'uta. Alivumilia miezi miwili, akarudi Kishapu kwa ng'ombe wa babu, na yuko huko mpaka leo. Sisi tulibaki na mama kwa sababu ya shule. Baba hakucheka tena kwa namna ile. Akiulizwa kuhusu Geita husema, "Kule nilikuwa mwizi," kama mtu anayesema kule nilikuwa dereva.

Na fundi? Fundi aliiondoa cherehani barazani akaiingiza ndani. Nikipita nikimwamkia aliitikia "marahaba" bila kuinua kichwa. Nilisimama mlangoni kwake mara mbili hivi, nikihesabu mishono kwa sauti ya chini, hakuniita nikae. Nilijua sababu. Niliijua kwa uhakika wote wa mtoto wa darasa la tatu: ni ule mshono wangu. Alinipa upande mmoja tu wa kushona, nikaushona vibaya, ukafumuka, ukamponza baba. Tangu hapo, kila ninachofanya nakivuta kidogo pembeni nione kama kinaachia. Barua za kazi nazisoma mara kumi na moja. Utasema ni tabia. Mimi najua ilianzia kwenye kamba ya nguo.

Basi Jumamosi iliyopita nilimchukua mtoto wa dada nikaenda naye. Dada nilimwambia nampeleka tu akaone. Nilikuwa nimezunguka kwa mafundi wa sokoni kuomba mabaki, mfuko mzima, na nikanunua sponji mpya dukani, nikabaki na risiti, ili asije akaniambia tulete kitu kutoka mahali popote. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga akikataa nitasema nini, akilia nitasema nini, akijifanya hanikumbuki nitasema nini. Mwaloni pa zamani hapapo tena. Kuna ukuta na geti na mtambo mmoja mkubwa unaofanya kazi ya mbao zote zile, na mlinzi ambaye hakupenda nilivyosimama kutazama. Wale washirika, mmoja amefariki, mwingine sijui aliko. Hakuna mtu hata mmoja pale mteremkoni anayekumbuka blanketi la mtoto lililochomwa. Nilijikuta nasikitika kwamba hata aibu yetu imekosa mashahidi.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Kabula."

"Kabula wa kuhesabu?"

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sogea nikuone. Mh. Umekonda. Huko chuo huwa hawali?"

Alikuwa amezeeka ghafla, au mimi ndiye nilikuwa nimekataa kumwangalia miaka yote hii. Macho yalikuwa na ukungu. Cherehani ilikuwa ile ile. Mtoto wa dada alikwishakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, na miguu yake ilifika vizuri, watoto wa siku hizi ni warefu. Fundi akapapasa chini ya meza akatoa karatasi ya mfuko wa saruji, akamchorea mstari. Mstari ukapinda.

"Fuata hivyo hivyo ulivyopinda," akamwambia. "Kunyooka utajifunza kwa wengine."

Mtoto akacheka. Akaanza kutoboa. Nilisimama pale nikisikia ule mlio, na maneno yote niliyoyapanga yakatoka kwa mpangilio mbaya.

"Fundi, yale maji ya mablanketi uliyapeleka wapi?"

"Maji gani?" Alijibu haraka mno. Kisha akageukia cherehani. "Mjukuu, kuna chenga za mchele kwenye kopo pale nje. Kawape kuku wangu. Wote, usimsahau yule mwenye kilema."

Mtoto alipotoka, fundi alikaa kwenye kiti chake. Ilimchukua muda.

"Nimekungoja tangu uko darasa la tatu uniulize," akasema. "Nikasema huyu anayehesabu mishono atahesabu na maji. Kumbe umechelewa."

"Dhahabu ilikuwemo?"

"Ilikuwemo. Ingejaa kwenye ukucha wa kidole hiki kidogo."

"Na ulijua tangu mwanzo."

"Mwanangu, nani anafua blanketi mara tatu bila sabuni? Hata hospitali hawafui hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa kwake. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza lile ambalo kwa kweli ndilo lililonileta: kama alinifundisha kwa ajili hiyo.

"Ulianza kuja kabla sijajua baba yako anafanya kazi wapi. Ulisimama pale mlangoni na kamasi zako. Nilikuita kwa sababu nilipenda uje. La mablanketi nililiwaza baadaye, tulipomaliza viraka. Ukinitaka niseme sikuliwaza, nitakudanganya, na umri huu kudanganya kunanichosha."

"Walimwita baba mwizi."

"Najua. Siku wanachoma nilisimama kule kwenye kona ya mashine. Nilikuwa nimeshauza. Ningesema, wangenimaliza, mwanamke wa kuja, sina mtu. Nikasema nitamwambia baba yako kesho. Kesho zikawa nyingi, nikasikia amepanda gari."

"Ndiyo ukaacha kuniita."

"Ningekutazamaje?"

Nikamwambia kwamba mimi nilidhani ni ule mshono. Hakuelewa. Ikabidi nimweleze: upande wa nne, pembeni, uliofumuka kwenye kamba mpaka yule bwana akaona. Alinisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kama anayesikiliza mashine iliyoharibika.

"Mshono wako haukuwa na kosa," akasema. "Niliukagua. Uzi ndio ulikuwa mbovu. Niliununua mimi, wa bei ya chini, nikaona ni blanketi la mtoto."

Nje mtoto alikuwa akimbembeleza kuku kwa sauti ya mama yake.

"Na huyu unamtakia nini?" nikauliza hatimaye. Bado nilishuku. Hata sasa ninapokuandikia nashuku kidogo.

"Macho yameisha. Siwezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Nataka mtoto wa kunitungia uzi, nami nimfundishe. Ni hilo tu, na safari hii nimelisema kabla."

Nilifikiri, kama ninavyofikiri siku zote, kwa pande zote. Nimchukue mtoto, niende zangu, nimwachie mwanamke yule giza lake. Au ninyamaze, amezeeka, baba amezoea, dhahabu ya ukucha mmoja imeshakuwa chakula na uzi na vumbi. Au nimwambie baba mimi mwenyewe Jumapili ninapompigia simu, kama habari, baada ya kuulizia ng'ombe. Kila upande niliuvuta kidogo pembeni, na kila mmoja uliachia. Blanketi halirudi. Baba yule wa kucheka harudi, wala ile miezi niliyokaa pale barazani nikidhani duniani kuna watu wasiotaka kitu. Nilichoweza kuokoa kilikuwa neno moja, mwizi, limwondoke baba akiwa bado na masikio ya kusikia likimwondoka. Na neno hilo halikuwa langu kulisema.

"Mtoto atakuja," nikamwambia. "Kila Jumamosi, nitamleta. Lakini kwanza utamwambia baba."

"Leo?"

"Sasa hivi. Nina namba yake."

Alifuta mikono kwenye khanga, ingawa haikuwa na kitu. "Atanitukana."

"Huenda."

"Nianzie wapi sasa?"

"Mimi sijui, fundi. Wewe ndiye mkubwa."

Nikapiga. Ikaita muda mrefu. Mchana baba huwa machungani na simu huiweka mbali. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama ni ishara nikate, akapokea.

"Kabula? Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Shikamoo, baba. Wazima wote. Kuna mtu hapa ana neno lako."

Nikamwekea fundi simu sikioni, nikamwonyesha jinsi ya kuishika, nikatoka nje.